Haki za Kuonyesha Uteuzi wa Wachezaji: Bidhaa Isiyokuwa na Bei Yake

Katika biashara yote ya michezo ya Marekani ni vigumu kupata bidhaa iliyo ngeni kuliko haki ya kuonyesha katika televisheni siku ile ambayo vilabu huwateua wachezaji wapya, kwa maana siku hiyo hauchezwi mchezo wowote, hapana mshindi wala mshinde, na kinachotazamwa ni vijana waliovaa suti wakingoja majina yao yasomwe. Walakini mwezi wa Aprili 2025 usiku wa kwanza wa uteuzi wa ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, uliofanyika katika mji wa Green Bay, ulitangazwa kuwa umetazamwa na wastani wa watu milioni 13.6, idadi iliyoupita wastani wa fainali za mpira wa kikapu za mwaka ule ule, ambazo zilihitaji michezo saba kumpata bingwa wake.

Ajabu ni kwamba bidhaa hii yenye wateja wengi kiasi hicho huuzwa pasipo kuwa na bei yake yenyewe. Mikataba ya televisheni ambayo ligi hiyo iliifunga mwaka 2021, ya miaka 11 na ya jumla inayokadiriwa kufika dola bilioni 110, ilielezwa kwa hesabu ya michezo ya Jumapili, ya Jumatatu na ya Alhamisi usiku, pamoja na zamu za kuonyesha fainali kuu, ilhali uteuzi umo ndani yake kama nyongeza. Na mikataba ya mpira wa kikapu iliyoanza kazi msimu wa 2025, nayo ya miaka 11 na ya dola zipatazo bilioni 76, imeufunga uteuzi wake katika kifurushi kimoja na mambo mengine yote. Anayetaka kujua thamani ya siku zile tatu za Aprili, au ya zile mbili za Juni za mpira wa kikapu, hana budi kukisia, na kwa bahati mbaya wote wanaokisia hadharani wana maslahi katika jibu: ligi, maana itarudi sokoni siku moja, vituo, maana vinawauzia wenye matangazo ya biashara, na miji, maana imetumia fedha za umma kuikaribisha hafla. Dalali mmoja wa muda wa matangazo ya biashara alisema kwamba akitaka nafasi njema za Septemba, michezo inapoanza, huelezwa kwa adabu kuwa itapendeza achukue na za Aprili, kama yule mwenye duka wa zama za uhaba aliyekuwa hamuuzii mtu sukari mpaka achukue na sabuni asiyoihitaji.

Haikuwa hivyo tangu awali. Uteuzi wa kwanza ulifanyika Philadelphia mwaka 1936, majina 90 yakiwa yameandikwa ubaoni, na yule aliyechaguliwa mbele ya wote hakucheza hata mchezo mmoja wa kulipwa. Kwa miaka zaidi ya arobaini baada ya hapo mambo hayo yaliamuliwa chumbani, na watu wakayasoma gazetini. Mwaka 1980 kituo kimoja cha televisheni ya kebo, ambacho kilikuwa hakijatimiza hata mwaka tangu kianze na ambacho kilikuwa na saa nyingi kuliko vitu vya kuzijaza, kiliomba ruhusa ya kuonyesha uteuzi huo, wenye vilabu wakakataa kwa kutoona ni nani atakayetazama watu wakizungumza kwa simu, na mkuu wa ligi wa wakati ule, ingawa naye alistaajabu, akaruhusu. Kwa hiyo asili ya haki hii ni njaa ya kituo kimoja kichanga. Mwaka 1988 hafla ilihamishiwa mwisho wa juma, mwaka 2010 ikagawanywa katika siku tatu na usiku wa kwanza ukapewa saa ambazo Wamarekani wengi wako mbele ya televisheni zao, na mwaka 2015 ikaondoka New York kwenda Chicago, kisha ikawa inahama kila mwaka au miwili.

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha biashara yenyewe. Mnunuzi wa haki za mchezo hununua kitu kinachotendeka uwanjani, ambacho mtu asiyekiona amekikosa. Lakini mnunuzi wa haki za uteuzi hununua habari, na habari haimilikiwi na mtu, kwa kuwa jina likishatamkwa jukwaani ni la ulimwengu wote. Kinachomilikiwa ni yale yanayolizunguka jina: kamera iliyoruhusiwa kukaa karibu na meza ya mama wa kijana, simu inayolia, kofia inayovaliwa, na zile dakika za kungoja zinazopita kati ya kilabu na kilabu, ambazo mhariri wa gazeti angezifuta na ambazo kwa kituo cha televisheni ndizo mali. Ndiyo sababu vituo vinavyoonyesha uteuzi wa mpira wa Kimarekani vilikubaliana kwamba waandishi wao wasifichue majina kabla hayajasomwa, ingawa wanayajua. Na ndiyo sababu katika mpira wa kikapu, ambako waandishi wameendelea kuyatoboa mapema kwa njia ya simu, mtazamaji mwenye simu mkononi huwa amekwisha kujua lile ambalo televisheni inamngojesha. Sijui biashara nyingine ya michezo iliyosimama juu ya mapatano ya kunyamaza namna hii, na ni vigumu kuamini kwamba mapatano ya namna hiyo yatadumu muda wa mkataba mzima.

Tukirejea kwenye hesabu za watazamaji, msomaji asizipokee kama zilivyo. Mwaka 2024 wastani wa usiku wa kwanza ulitajwa kuwa milioni 12.1, na kutoka hapo hadi 13.6 ya mwaka uliofuata ni hatua ambayo wakuu wa vituo waliishangilia. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 njia yenyewe ya kuhesabu watu wanaotazama nje ya nyumba zao, katika baa, mahoteli na mfano wa hayo, ilipanuliwa hata ikaenea karibu nchi nzima, kwa hiyo sehemu ya ongezeko hilo ni ya watu waliokuwapo siku zote ila hawakuandikwa. Na kilele cha hesabu hizi zote, milioni 15.6, kilifikiwa mwaka 2020, wakati maradhi yalipowafungia watu majumbani na hapakuwa na mchezo mwingine hai wa kutazama. Nacho kinatajwa mpaka leo katika mazungumzo ya bei kana kwamba ni dalili ya mapenzi ya kawaida.

Umati wa barabarani una hesabu zinazotia shaka zaidi. Nashville ilitangaza watu 600,000 mwaka 2019, Detroit 775,000 mwaka 2024, na Green Bay, mji wenye wakazi wapatao 107,000, ikatangaza tena 600,000. Afisa mmoja anayehusika na utalii katika mji uliowahi kuikaribisha hafla, ambaye hakutaka jina lake liandikwe, aliiona idadi ya mji wake kuwa ithibati tosha. Alipoulizwa kama aliyekuja siku zote tatu amehesabiwa mara tatu, alikiri kwamba ndivyo ilivyo, akaongeza kwamba kila mahali huhesabiwa hivyo. Vivyo hivyo fedha: Nashville ilisema wageni walitumia dola zipatazo milioni 133, lakini hesabu za namna hii aghalabu huacha kumtoa yule mgeni ambaye angalikuja kwa shughuli nyingine na akaahirisha kwa kuogopa msongamano, na yule mwenyeji ambaye alihamisha tu matumizi yake kutoka mtaa mmoja hadi mwingine.

Mfanyabiashara mmoja mwenye mgahawa wa kutazamia michezo, katika mji mmojawapo uliopokea hafla hii, alikuwa na maneno mengi juu ya jambo hilo, na nayaeleza kwa urefu kwa kuwa ni machache yanayosikika kutoka upande wake. Alisema kwamba kwa miezi kadhaa aliambiwa ajiandae, akaongeza wahudumu na akajaza ghala la vinywaji, na siku zilipofika barabara iendayo kwake ikafungwa kwa ajili ya usalama, umati ukawa ndani ya uzio wenye wauzaji wake wenyewe waliopewa kibali, na wateja wake wa kila Alhamisi, ambao ndio wanaomweka mjini, wakakaa nyumbani wasinaswe na magari. Fauka ya hayo, yeye hulipa ada ya televisheni ya kibiashara ambayo hukadiriwa kwa idadi ya watu ambao ukumbi wake unaruhusiwa kuwachukua, wala si kwa idadi ya walioingia, hata usiku ule ambao alikuwa na meza nne alikuwa akilipia ukumbi mzima, tena kwa hafla ambayo kila mwenye antena nyumbani aliiona bure. Hakudai kwamba hafla ni mbaya. Alidai kwamba katika picha zilizorushwa nchi nzima mji wake ulipendeza mno, na kwamba picha hizo ndizo zilizouzwa, nao walioujaza uwanja kwa hiari na walioulipia ulinzi kwa kodi zao hawakuwamo katika mauzo. Pengine hasara yake mwenyewe ilimfanya atie chumvi, maana wapo wenzake walio karibu zaidi na uzio waliouza vizuri. Lakini hoja yake ya mwisho naiona nzito, maana tangu hafla ianze kuhama, mji umekuwa studio, na studio hiyo hailipiwi na kituo.

Kuna wengine wasiokuwamo katika mauzo, nao ni vijana wenyewe. Uteuzi unasimama kisheria kwa sababu umo katika mapatano ya pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji, yaani uliridhiwa na watu waliokwisha kuingia kwa niaba ya watakaoingia. Na siku ambayo jina la kijana huuzwa ghali kuliko siku zote, yeye si mwajiriwa wa mtu. Mpira wa kikapu wa wanawake umetuonyesha jambo hili kwa uwazi uletao uchungu. Mwaka 2024, mchezaji mmoja aliyetoka chuo kikuu cha Iowa alipongojewa kuteuliwa wa kwanza, watazamaji walifika milioni 2.45, ilhali rekodi ya zamani, ya mwaka 2004, ilikuwa 601,000. Mwaka uliofuata, yeye akiwa amekwisha kuteuliwa, wakarudi kwenye milioni 1.25 hivi. Miezi michache baada ya usiku wake ligi ilifunga mkataba wa dola bilioni 2.2 kwa miaka 11, na mshahara wake wa msimu wa kwanza ulikuwa dola 76,535. Sisemi kwamba fedha zote hizo zilitokana naye. Nasema kwamba idadi ya watazamaji ilipanda na kushuka kwa jina lake, na kwamba hakuna mkataba wa haki uliolitaja.

Kwetu sisi biashara hii si ya mbali kama inavyodhaniwa. Mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam aliteuliwa wa pili katika mpira wa kikapu, na mwaka 2021 kijana wa Goma akateuliwa wa saba. Na mtu wa nyumbani anayetaka kuona saa hiyo ya heshima hukesha, maana saa mbili za usiku za New York, katika miezi hiyo, ni saa tisa za usiku Dar es Salaam na Nairobi, na saa nane Goma. Haki za kwetu huuzwa pia kwa jumla, ndani ya kifurushi cha king'amuzi ambacho mtu hukinunua kwa ajili ya ligi ya Uingereza, na mwenye kuuza hana sababu ya kuutangaza uteuzi kwa kuwa hakuulipia peke yake. Hivyo watu wengi huzisoma habari hizo asubuhi, kama zamani.

Juu ya yatakayokuja, wenye kauli wanatofautiana. Mikataba ya 2021 inairuhusu ligi ya mpira wa Kimarekani kujitoa baada ya msimu wa 2029, na katika mmojawapo baada ya msimu mmoja zaidi, na mwaka 2024 ligi ilikwisha kuonyesha kwamba inaweza kuchomoa kitu kifungoni na kukiuza peke yake, ilipoiuzia kampuni ya intaneti michezo ya siku ya Krismasi. Mpira wa kikapu nao, ambao tangu 2024 uteuzi wake wa majina yasiyozidi 60 umetandazwa juu ya siku mbili, ulitoa sababu kwamba vilabu vinahitaji wasaa wa kufikiri. Sababu hiyo yaweza kuwa ya kweli, lakini usiku mmoja zaidi wa televisheni haukumdhuru muuzaji. Yule dalali anaamini kwamba bei ya uteuzi itajulikana tu siku utakapopelekwa sokoni pasipo michezo nyuma yake, na kwamba itawashangaza wengi kwa udogo wake, kwa kuwa nyumba zinazolipia kebo zimepungua sana tangu kilele cha mwaka 2011, na watazamaji wa siku ya pili na ya tatu hawafanani na wa ya kwanza. Mimi nadhani usiku wa kwanza, ukitengwa, utapata mnunuzi wa intaneti kwa bei nzuri hata kama haitalingana na majigambo. Lakini siku ya tatu, yenye duru nne na majina yapatayo 150, haitamtoa yeyote fedha mfukoni kwa hiari, kwa hiyo itabaki ndani ya kifurushi, na mwenye mgahawa pamoja na mwenye king'amuzi wataendelea kuilipia.