Mieleka ya enzi za Undertaker: Wasimulie watoto na upande wa pili

Mtaje Undertaker mbele ya watu waliozaliwa miaka ya 1980, utaona mazungumzo yanavyobadilika. Mmoja ataigiza ule mwendo wake wa taratibu, mwingine atageuza macho mpaka yabaki meupe, wa tatu ataanza kusimulia siku Kane alipong'oa mlango wa kizimba.

Hao ndio wazazi wa leo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa watoto wa shule, na wengi wao waliitazama mieleka ya Marekani kwa kanda za video zilizochakaa, kwa jirani mwenye deki au kwenye kibanda umiza. Leo watoto wao wanaikuta mieleka ileile kwenye simu, vipande vya dakika mbili mbili, na mara nyingi hakuna mtu mzima pembeni wa kuwaeleza.

Tatizo ni kwamba wazazi wengi wakisimulia, husimulia nusu. Husimulia vishindo, vinyago na nani alimbwaga nani. Nusu ya pili, yaani nani aliumia kweli, nani alilia kweli na nani alikufa kweli, hubaki haijasemwa. Na hiyo ndiyo nusu ambayo mtoto anaihitaji zaidi.

Tamthilia ya kila Jumatatu

Kwanza ieleweke kilichowafanya watu wapende. Mieleka ile haikuwa mchezo wa kushindania pointi. Ilikuwa tamthilia, yenye steringi, maadui, usaliti na visasi, na mshindi alipangwa kabla watu hawajapanda ulingoni. Wenyewe hawakulificha sana jambo hilo. Mwaka 1989 kampuni ya WWF iliwaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani, si mashindano.

Miaka hiyo kampuni mbili zilikuwa zikigombania watazamaji wa Marekani kila Jumatatu usiku: WWF, ambayo mwaka 2002 ilibadili jina na kuwa WWE, na mpinzani wake WCW. Kila moja ililazimika kuwa na mkasa mkali kuliko wa mwenzake.

WCW ndiyo iliyoanza kutikisa. Julai 1996 Hulk Hogan, aliyekuwa kipenzi cha watoto kwa zaidi ya miaka kumi, aliwageuka mashabiki wake na kuunda kundi la maadui lililoitwa nWo. Kwa mtoto wa wakati ule, ilikuwa kama kuambiwa kwamba steringi ndiye mwizi.

WWF ikajibu kwa Stone Cold Steve Austin, mtu wa suruali fupi nyeusi na kichwa kilichonyolewa, aliyegombana na mwajiri wake, Vince McMahon. Austin alimmwagia bosi bia kwa bomba mbele ya umati, na gari la kifahari la bosi akalijaza zege. Watu wazima walishangilia kwa sababu inayoeleweka: nani hajawahi kutamani kumjibu bosi wake?

Ndugu wawili na nyumba iliyoungua

Lakini kwa watoto, hakuna mkasa uliozidi ule wa Undertaker na Kane. Undertaker alitambulishwa Novemba 1990 kama mzika maiti asiyesikia maumivu. Alipigwa, akalala, kisha akainuka ghafla na kuketi wima. Ndiyo maana vijiweni na shuleni ulizagaa uvumi kwamba ana roho ya paka, kwamba aliwahi kufa na kurudi.

Mwaka 1997 Paul Bearer, meneja wake wa zamani, alianza kumtuhumu kwamba utotoni aliichoma nyumba yao, wazazi wakafia humo. Mdogo wake Kane, alisema Bearer, hakufa. Alibaki na makovu na sasa anakuja. Mkasa ukavutwa kwa miezi. Oktoba 5, 1997, mjini St. Louis, Undertaker akipambana na Shawn Michaels ndani ya kizimba, taa zilizimika. Akatokea jitu lenye kinyago chekundu, likaung'oa mlango na kusimama uso kwa uso na kaka yake.

Sasa ukweli wake. Undertaker anaitwa Mark Calaway, na Kane anaitwa Glenn Jacobs. Si ndugu. Kabla ya kuvaa kinyago, Jacobs aliwahi kuigiza daktari wa meno. Mwaka 2018 wananchi wa Knox County, Tennessee, walimchagua kuwa meya wao. Calaway aliaga ulingo Novemba 2020, miaka 30 baada ya kuanza. Cha kuchekesha ni kwamba aliyekuwa karibu zaidi na uhusika wake ni Paul Bearer: nje ya ulingo alikuwa kweli amesomea kazi ya kuandaa maiti kwa maziko.

Mtoto akielezwa hivi hapungukiwi raha. Anajifunza kwamba mtu anaweza kutisha kazini na bado akawa mtu wa kawaida nyumbani.

Maumivu hayakuwa maigizo

Hapa ndipo kundi la wasimulizi huwa linatulia kidogo. Kupangwa kwa mshindi hakukuzuia mwili kuumia.

Wanamieleka hufundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo mzima utue kwa pamoja, mikono ipige chini ili kishindo kitawanyike. Ulingo wenyewe ni mbao juu ya vyuma, zikafunikwa godoro jembamba na turubai. Si laini kama unavyoonekana kwenye kioo.

Agosti 1997 Austin alipambana na Owen Hart. Owen alimbeba kichwa chini miguu juu na kumshusha, kichwa cha Austin kikawa kimetokeza chini kuliko ilivyotakiwa. Shingo iliumia, na kwa muda Austin hakuweza kujisogeza. Aliendelea na kazi baadaye, lakini miaka michache mbele majeraha yalimlazimisha kustaafu. Hao walikuwa wataalamu wawili, waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na kosa lilikuwa la sekunde moja.

Juni 28, 1998, huko Pittsburgh, Undertaker alimtupa Mankind kutoka juu ya kizimba, takriban mita tano, akaangukia meza ya watangazaji. Mankind, ambaye jina lake ni Mick Foley, akapanda tena. Akabwagwa juu ya wavu wa paa la kizimba, wavu ukaachia, akaporomoka hadi ulingoni na kupoteza fahamu. Kule kuachia hakukuwa kwenye mpango. Watazamaji wengi walidhani ni ufundi. Ulikuwa ufundi uliochanganyika na bahati ya kubaki hai.

Watoto waliojua ni maigizo, wakalia

Kuna tukio moja ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Januari 24, 1999, Foley alipambana na The Rock, ambaye leo dunia inamjua kama mwigizaji Dwayne Johnson. Sheria ya pambano ilikuwa moja: anayesema amekubali kushindwa ndiye aliyeshindwa.

Mke wa Foley na watoto wao wawili wadogo walikaa mstari wa mbele. Kabla ya pambano watoto walikuwa wameelezwa kwamba baba na The Rock ni marafiki na kwamba wanacheza tu. Kisha Foley akafungwa pingu mikono nyuma, na The Rock akampiga kichwani kwa kiti cha chuma, tena na tena, mara nyingi kuliko walivyokuwa wamekubaliana. Damu ilimtoka. Watoto walipiga mayowe na kulia, mama akawaondoa kabla pambano halijaisha.

Hata ile sauti ya kukubali kushindwa iliyosikika ukumbini haikutoka mdomoni mwa Foley wakati ule. Ilikuwa imerekodiwa mapema na ikapigwa kwenye spika. Sauti ilikuwa ya uongo, damu ilikuwa ya kweli.

Yote hayo yamo kwenye filamu ya Beyond the Mat iliyotoka mwaka 1999. Waandaaji walimwonyesha Foley picha za wanawe wakilia, na baba huyo, aliyeweza kuvumilia kiti kichwani, akashindwa kuficha jinsi picha zile zilivyomgusa.

Fikiria jambo hilo. Watoto wale waliambiwa na baba yao mwenyewe kwamba ni maigizo, na bado moyo haukukubali. Sasa mtoto anayetazama peke yake kwenye simu, asiyeambiwa na mtu, atatofautisha vipi?

Siku ambayo haikuwa kwenye hadithi

Miezi minne baadaye, Mei 23, 1999, Owen Hart, yuleyule wa pambano la Austin, alitakiwa kushushwa kwa kamba kutoka kwenye paa la ukumbi mjini Kansas City. Akiwa juu aliachiwa kabla ya wakati, akaanguka zaidi ya mita 20 hadi ulingoni. Alikuwa na miaka 34. Mtangazaji Jim Ross aliwaambia waliokuwa wakitazama nyumbani kwamba hilo si sehemu ya burudani, na baadaye akawatangazia kifo chake. Onyesho liliendelea mpaka mwisho, na waliokuwa ukumbini hawakutangaziwa kilichompata.

Owen aliacha mke na watoto wawili. Mashabiki wengi wa zamani hulitaja tukio hilo kwa sauti ya chini, maana ndiyo siku walipoelewa kwamba steringi anaweza kufa na asirudi wiki inayofuata.

Mwaka huohuo, huko Florida, mvulana wa miaka 12 alimuua mtoto wa kike wa miaka sita waliyekuwa pamoja nyumbani. Mawakili wake walijitetea kwamba alikuwa akiiga mieleka ya kwenye televisheni. Mahakama haikuipokea hoja hiyo na mwaka 2001 alihukumiwa kifungo cha maisha, hukumu iliyotenguliwa baadaye kwenye rufaa. Iwe mieleka ilichangia au haikuchangia, somo moja halina ubishi: mwili wa mtoto mdogo haukuumbwa kubwagwa na mtu aliyemzidi uzito.

Mzazi afanye nini?

Kukataza kabisa ni rahisi kusema, lakini mtoto ataona kwa rafiki yake. Mieleka ya sasa imepunguzwa makali: tangu 2008 WWE imelenga watazamaji wa familia, na mwaka 2010 ilipiga marufuku kupigana viti kichwani. Lakini vipande vya miaka ya 1990 bado vipo vilevile, pamoja na matusi, bia na namna ya kuwadhalilisha wanawake ambayo leo ingeshangaza. Kwa hiyo, mzazi:

Tazama mwenyewe kwanza. Kumbukumbu ya mtoto wa miaka kumi huacha mambo mengi. Pambano ulilolipenda linaweza kuwa na vitu usivyotaka mwanao avione.

Tazameni pamoja, na mtaje mtu kwa majina mawili. Huyu ni Kane, lakini anaitwa Glenn. Mtoto akizoea majina mawili, atazoea pia kutenganisha uhusika na mtu.

Simamisha video pale mtu anapoumia, umwambie ukweli. Usiseme kwamba yote ni uongo, maana mtoto akiamini kiti hakiumizi, atakijaribu kwa mdogo wake. Mwambie mshindi amepangwa, lakini shingo, kichwa na mgongo havijapangwa.

Wekeni sheria ya nyumbani isiyo na mjadala: hakuna kubebana kichwa chini, hakuna kukabana shingo, hakuna kurukiana kutoka kitandani au kwenye kochi. Austin na Owen walikuwa watu wazima waliofunzwa, na bado shingo iliumia.

Msikilize mtoto anayeogopa. Akilia, usimcheke kwamba ni maigizo. Watoto wa Foley walijua hivyo, na bado walilia.

Hakuna ubaya kwa mzazi kuigiza mwendo wa Undertaker sebuleni na watoto wakakimbilia nyuma ya mlango kwa kicheko. Hadithi zile zilikuwa tamu na bado ni tamu. Zisimuliwe zote, na kizimba, na kinyago chekundu, na jina la Owen Hart pia.