Fremu ya kampuni: ile 10% uliyokatwa siyo mwisho

Leo naweka mbolea pembeni, maana swali hili nimeulizwa sana msimu huu hapa Ivuna. Kiswahili chetu kinaita vyote "kodi", kwa hiyo hela ya mpangaji nitaiita pango, na kodi itakuwa ile ya TRA.

Vijana wengi wakishauza mpunga au ufuta, hela inaenda kwenye fremu za Tunduma. Safi kabisa. Ila wengine wanaandika fremu kwa jina la kampuni, ileile waliyosajili BRELA wakitafuta mkopo wa trekta. Hapo hesabu inabadilika.

Tuseme pango ni 6,000,000 kwa mwaka. Mpangaji ni mfanyabiashara, hivyo anatakiwa akate kodi ya zuio 10%, yaani 600,000, aipeleke TRA, wewe akupe 5,400,000. Fremu ikiwa yako binafsi, na kupangisha siyo biashara yako, umemaliza. Lakini kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama wenye hisa ni wewe na dada yako tu. Kwa kampuni hiyo 600,000 ni malipo ya awali. Kodi yenyewe ni 30% ya faida.

Faida, siyo pango lote! Unatoa matengenezo, riba ya mkopo wa kujengea na uchakavu wa jengo, 5% kwa mwaka. (Ghala la shambani linalotumika kwa kilimo ni 20%, usichanganye.) Gharama zikiwa 2,000,000, faida ni 4,000,000 na kodi 1,200,000. Toa 600,000 iliyokwishakatwa, unabaki unadaiwa 600,000.

Bado. Ile 2,800,000 iliyobaki ni ya kampuni, siyo yako. Ukiichukua kama gawio inakatwa 10% nyingine, 280,000. Jumla 1,480,000, wakati binafsi ingekuwa 600,000. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, fremu moja ndogo usiiingize kwenye kampuni. Kama faida inarudi kununua pampu na trekta za kampuni hiyohiyo, hapo naelewa.

Kijana mmoja wa huku alikatwa na mpangaji, akaona kamaliza. Ritani hakupeleka, cheti cha zuio hakudai, na mpangaji akahama. Ilibidi aanze kumtafuta huyo mtu mpaka upande wa Zambia ili athibitishe kwamba 600,000 ililipwa kweli. Bila cheti, TRA hawana cha kukupunguzia.

Kwa hiyo dai cheti kila unapokatwa, usingoje mwisho wa mwaka. Makadirio yanalipwa kwa awamu nne. Na kama mwaka wenu wa hesabu unaishia Desemba, mwisho wa ritani ni 30 Juni. Najua mwezi huo wengi mko bondeni kwenye mpunga, kwa hiyo mpelekeeni mhasibu makaratasi kabla hamjashika mundu.