Sababu ya Vita na Imani ya Wananchi

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi wapiganaji wa Jeshi letu na askari wa Polisi mnaotusikiliza kutoka makambini na vituoni,

Serikali yo yote inapoingia vitani huwaeleza wananchi wake sababu, na sababu hiyo karibu kila mara huitwa ulinzi. Aliyevamiwa husema kuwa analinda nchi yake, na mvamizi naye husema hivyo hivyo. Mwananchi aliye mbali na mpaka, ambaye hakuona risasi ya kwanza ilitoka upande gani, hubakiwa na kipimo kimoja tu: je, hawa wanaonieleza haya leo, waliniambia kweli jana?

Kipimo hicho ndicho kilichomshinda nduli Iddi Amin wa Uganda, hata kabla mizinga ya Tanzania haijamfikia.

Tarehe 25 Januari 1971, askari mmoja alisoma katika Redio Uganda sababu 18 za jeshi kuipindua serikali ya Milton Obote. Amin akawaambia wananchi kwamba yeye ni askari na wala si mwanasiasa, kwamba uchaguzi utafanywa, na kwamba jeshi litarudi kambini. Watu wengi wa Kampala walishangilia, maana walikuwa na manung'uniko yao juu ya serikali iliyoondolewa. Uchaguzi haukufanywa. Mwaka 1976 Amin akawa Rais wa Maisha, na mwaka huo huo akadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda. Wakenya walipochachamaa, akarudi nyuma. Februari 1977, serikali yake ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili wamekufa katika ajali ya gari. Waliouona mwili wa Askofu walieleza kuwa ulikuwa na matundu ya risasi.

Kila tangazo la namna hiyo lilipunguza akiba ya imani. Ilipofika mwaka 1978, akiba hiyo ilikuwa imekwisha.

Oktoba mwaka huo Redio Uganda ilitangaza kwamba majeshi ya Tanzania yameivamia Uganda. Kwa haki inafaa tukumbuke kwamba Septemba 1972 wakimbizi wa Uganda walivuka mpaka kutoka Tanzania ili kumwondoa Amin, wakashindwa, na mkataba wa Mogadishu ukatiwa sahihi mwezi uliofuata ili kutuliza ugomvi. Kwa hiyo, laiti Amin angekuwa mtu wa kuaminika, huenda madai yake ya mwaka 1978 yangepata wasikilizaji. Lakini alijikanusha mwenyewe. Tarehe 30 Oktoba majeshi yake yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800, sasa ni sehemu ya Uganda. Mtu anayemfukuza mwizi nyumbani kwake hahamishi ua wake hadi shambani kwa jirani. Askari wake waliua raia, wakapora ng'ombe na mitambo ya kiwanda cha sukari.

Aliyelipa gharama ya uongo huo ni askari wa Uganda. Aliwekwa kwenye mstari wa mbele kwa sababu ambayo wananchi nyuma yake hawakuiamini, na ambayo yeye mwenyewe alikuwa na kila haki ya kuitilia shaka. Masaka na Mbarara zilitekwa mwishoni mwa Februari 1979. Huko Lukaya, mwezi Machi, Amin alitegemea askari walioletwa kutoka Libya, nao wakashindwa. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili, wananchi walitoka majumbani kuwashangilia askari wa nchi ya kigeni. Siku hiyo, kwa redio ile ile iliyosoma sababu 18 mwaka 1971, Luteni Kanali David Oyite-Ojok alitangaza kwamba serikali ya Amin imepinduliwa.

Ndugu wasikilizaji, tusidhani kwamba somo hili ni la Uganda peke yake. Mwalimu Nyerere alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam mwanzoni mwa Novemba 1978, alieleza kwamba tunayo sababu ya kumpiga Amin, tunao uwezo na tunayo nia. Watu walimwamini kwa kuwa sababu ilionekana kwa macho: wakimbizi wa Kagera walikuwa njiani. Mgambo, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa walijiunga na Jeshi la Wananchi. Lakini vita vilipovuka mpaka na kwenda hadi Kampala, sababu ya mwanzo, ya kumwondoa adui katika ardhi yetu, haikutosha tena. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Monrovia, Julai 1979, viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu Tanzania, nayo ikalazimika kueleza upya kwa nini ilikwenda mbali kiasi hicho. Nyumbani, wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita na dhiki haikwisha, kwa kuwa bei ya mafuta, ukame na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 viliongeza mzigo wa vita. Waliouliza kulikoni hawakuwa wasaliti. Wengi wao walikuwa wametoa watoto wao na magari yao kwa ajili ya vita vile vile.

Hapa ndipo wajibu wenu unapoingia. Serikali hujua ya mpakani kwa taarifa ya kamanda wa kikosi, na hujua ya kijijini kwa taarifa ya askari wa kituo. Taarifa hiyo ikipambwa ili kumfurahisha mkubwa, uongo huanza chini na kutangazwa kutoka juu. Vivyo hivyo, mtawala hawezi kuyaita mauaji ajali ya gari asipopata watu wa chini wa kumsaidia, kwa kusema au kwa kunyamaza.

Mwananchi anapouliza sababu ya vita, anauliza juu ya damu ya mwanawe. Ajibiwe kwa kweli, na ajibiwe mapema. Siku nchi itakapovamiwa kweli kweli, hapatakuwa na nafasi ya kuanza kuitafuta imani yake.