Murera: Wadi Yenye Mwakilishi, Isiyo na Hazina

Masika yakiingia, udongo mweusi wa Murera, wadi ya Kaunti ya Kiambu, hugeuka tope linalokwamisha magari, na wakazi huanza kuulizana barabara ni ya nani. Mmoja atamtaja chifu, mwingine mbunge, wa tatu mwakilishi wadi. Wote watatu wana ofisi na mihuri, lakini hakuna kati yao anayeidhinisha malipo ya mkandarasi wa barabara ya mtaani. Wakazi huzunguka ofisi hizo wakitafuta msaada, nao mwaka wa fedha unakwisha.

Chanzo cha mkanganyiko huu kiko kwenye historia. Uwanda ulio kati ya Ruiru na Thika ulikuwa nchi ya mashamba makubwa, ya mkonge na kahawa, chini ya walowezi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani William Northrup McMillan alikuwa na shamba lake la Juja katika uwanda huo, na mwaka 1909 alimkaribisha hapo Theodore Roosevelt aliyekuja kuwinda. Reli ilifika Thika mwaka 1913, mazao yakapata njia. Wakati huo serikali ya mashinani ilitegemea rangi ya ngozi. Kwenye maeneo yaliyotengewa Waafrika kulikuwa na machifu walioteuliwa na mkoloni na, kuanzia miaka ya 1920, mabaraza ya wenyeji. Walowezi nao walipata halmashauri zao za wilaya. Kibarua wa shamba la mkonge hakuwa na kura katika halmashauri za walowezi, ingawa aliishi na kufanya kazi kwenye ardhi iliyokuwa chini yao. Mkuu wake wa karibu alikuwa nyapara.

Uhuru ulileta halmashauri za wilaya na za miji zenye madiwani waliochaguliwa, na mwanzoni zilikuwa na meno. Ziliendesha shule za msingi, zahanati na barabara za mashinani. Kisha sheria ya mwaka 1969 ikazinyang'anya halmashauri za wilaya kazi hizo tatu na kuzipeleka serikali kuu. Diwani alibaki na cheo na masoko ya kutoza ushuru, na hali ikawa hivyo kwa miongo minne. Huku nyuma mashamba makubwa yaliuzwa, makampuni na vyama vya kununua ardhi vikawagawia wanachama, na pale palipokuwa na safu za mkonge pakaota nyumba za mawe.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliubomoa mfumo huo. Halmashauri 175 zilivunjwa na kaunti 47 zikachukua nafasi zao baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Eneo bunge la zamani la Juja lilimegwa, likazaa Thika Mjini, Ruiru na Juja ya sasa. Murera ikawa moja ya wadi tano za Juja, pamoja na Theta, Juja, Witeithie na Kalimoni. Ni wadi moja kati ya 60 za Kaunti ya Kiambu na kati ya 1,450 za nchi nzima.

Tatizo ni kwamba wadi kisheria ni mahali pa kupigia kura na pa kufikishia huduma. Si serikali. Mwakilishi wadi kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuikagua serikali ya gavana. Msimamizi wa wadi ni mfanyakazi wa kaunti, anasimamia shughuli za kila siku lakini haamui makadirio ya fedha. Chifu na naibu wake hawamo kabisa kwenye mnyororo huo, kwani wao ni watumishi wa serikali kuu chini ya naibu kamishna wa kaunti. Fedha za hazina ya maeneo bunge, zile anazohusishwa nazo mbunge, zimekusudiwa shughuli za serikali kuu kama vile madarasa na vituo vya polisi.

Tulinganishe na Ufilipino, ambako ngazi ya chini kabisa huitwa barangay. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1991 iliipa kila barangay mkuu aliyechaguliwa, baraza lake na mweka hazina wake. Asilimia 20 ya mgao wa kodi za taifa unaokwenda serikali za mitaa hugawiwa barangay zote. Kijiji kidogo cha wavuvi huko kina bajeti yake, mkazi akiulizia fedha anaijua meza ya kuendea. Ngazi inayofuata, manispaa, ina meya anayechaguliwa. Kwetu manispaa huongozwa na bodi inayoteuliwa na meneja anayeajiriwa.

Tuone jinsi kugawanyika kwa kazi kati ya kaunti na serikali kuu kunavyogusa jambo moja tu, ploti. Mwenye ekari kadhaa Murera anataka kuzikata vipande vya futi 50 kwa 100, takriban thumuni ya ekari kila kimoja. Ardhi ikiwa ya kilimo, anahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, ambayo mwenyekiti wake anatoka serikali kuu. Mpango wenyewe wa ugawaji unaidhinishwa na idara ya mipango ya kaunti. Hatimiliki hutolewa na serikali kuu, lakini ada za kila mwaka za ardhi hutozwa na kaunti. Muuzaji mwerevu atafinya njia ili apate ploti mbili za ziada. Idara ya mipango isipomdai akabidhi upana wa kutosha kwa umma, kijia kinabaki chembamba milele. Gari la zimamoto halipiti, mtaro hauna pa kuchimbwa, na kaunti haina msingi wa kutumia fedha za umma kwenye njia iliyobaki mali ya mtu. Tope la masika lilianzia kwenye karatasi ya mpimaji.

Kwa hiyo ufunguo wa mkazi wa Murera ni kujua kazi ni ya nani, na bajeti inapikwa lini. Barabara za mtaani, zahanati, chekechea, masoko, maji na mipango ya ardhi ni za kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi na hatimiliki ni za serikali kuu. Kuhusu bajeti, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga tarehe. Kufikia 1 Septemba kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia 28 Februari huwasilisha mkakati wa fedha unaoweka viwango vya matumizi kwa kila idara. Makadirio hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na huidhinishwa kufikia 30 Juni. Anayekwenda kulalamika mwezi Mei, magari yakiwa yamekwama, anakuta mambo makubwa yamekwisha kuamuliwa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Barabara isiyoandikwa kwenye mpango wa Septemba ina nafasi ndogo sana ya kupata fedha Julai inayofuata. Vikao vya ushirikishaji umma vinapotangazwa, nendeni kundi zima mkiwa na jina la barabara, urefu wake na ramani inayoonyesha kuwa ni njia ya umma. Mkipewa ahadi, ulizeni kifungu chake kwenye bajeti. Mkinyimwa jibu, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi lililoandikwa. Murera haina hazina yake, na haitakuwa nayo mpaka sheria ibadilishwe. Hadi hapo, wenye hoja zilizoandikwa na wanaofika kwa wakati ndio watakaofikiwa na fedha zilizoko Kiambu.