Majira Husomwa Sokoni

Vitabu vingi vilivyopita mikononi mwa wanafunzi wetu vimewafundisha kwamba mwaka una majira manne, na kwamba majira ya mavuno ni yale ambapo miti hupukutisha majani, maboga yakakusanywa na matofaa yakajazwa vikapuni. Mfasiri afikapo hapo hukwama. Wapo wanaoyaita majira hayo ‘vuli’. Lakini kwa Mswahili wa pwani vuli ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, wakati ambapo mimea haivui majani bali huyavaa. Wapo wengine wanaokimbilia maelezo marefu: ‘majira ya kupukutika kwa majani’. Neno limekosekana kwa sababu jambo lenyewe halipo kwetu.

Hata hivyo, kukosa majira ya wenzetu si kukosa majira. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia wanafunzi kutoka Kisii na Nyamira wakidai kuwa nyumbani kwao hakuna msimu: mvua hunyesha karibu mwaka mzima, migomba na michai ni ya kijani Januari hadi Desemba. Anayesema hivyo ametazama vilima, hajatazama soko. Na aende Ikonge.

Ikonge ni kituo cha biashara katika kaunti ya Nyamira, kwenye barabara itokayo Chebilat, mpakani na Wakipsigis, ikateremka hadi Chabera upande wa Waluo. Siku ya soko, akina mama hutandaza magunia na kupanga mboga kwa mafungu. Ukiwa na macho ya kusoma, mafungu hayo ni kalenda. Januari na Februari, kunapokauka kidogo, mboga za majani huwa haba na bei yake hupanda. Mvua za masika zikishika, kuanzia Machi hadi Mei, mafungu huwa mengi na manono, na bei ikashuka. Katikati ya mwaka mahindi mabichi huanza kuchomwa kando ya barabara, kisha mahindi makavu na wimbi jipya huingia sokoni. Mvua fupi za mwisho wa mwaka huleta tena wimbi la pili la majani mabichi. Hayo ndiyo majira yetu, nayo yana majina.

Majina hayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Kuna chinsaga, mboga chungu ambayo Kiswahili huiita mgagani. Kuna rinagu, yaani mnavu. Kuna emboga, ambayo ni mchicha. Kuna risosa, majani machanga ya mboga itokayo kwenye mtambaa wa maboga. Kuna enderema yenye utelezi, na omotere ambao Waswahili huuita mrenda au mlenda. Katika mazoezi yangu na wanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa nawaomba waorodheshe mboga wazijuazo kwa Kiswahili. Aghalabu orodha huanza kwa sukuma wiki, ikapitia kabichi na spinachi, kisha ikamalizikia kwa maneno mawili yanayofunika kila kitu kilichobaki: ‘mboga za kienyeji’. Mwanafunzi aliyelelewa kwa chinsaga huufikisha ujuzi wake hadi mlango wa darasa, akauacha nje.

Baadhi ya wenzangu watauliza: kuna hasara gani? Chakula si chakula, kiitwe kitakavyoitwa? Hasara ipo, na ni kubwa. Jina moja la jumla haliwezi kubeba maarifa ambayo majina mengi yaliyabeba. Ajuaye jina la chinsaga anajua pia kwamba maua yake hukatwa ili mmea uendelee kutoa majani. Kwamba majani huchemshwa na maji machungu kumwagwa. Kwamba hutiwa maziwa, yakaachwa yapumzike, yakapashwa moto siku ya pili, na kwamba walaji wengi husema huwa matamu zaidi kila yanapopashwa. Anajua kwamba rinagu huchanganywa nayo ili ukali upungue, na kwamba mama aliyejifungua hupikiwa chinsaga arejeshe nguvu. Anajua kwamba ugali wa wimbi ndio mwenzake. Lakini ajuaye ‘mboga za kienyeji’ tu atazikaanga zote kwa njia moja, kwa kitunguu na nyanya, kisha alalamike kwamba ni chungu. Mkoba ukipotea, hupotea pamoja na vilivyomo.

Mwanaisimu naye huona jambo jingine katika mafungu yale. Ekegusii na Kiswahili ni lugha za Kibantu, na soko la Ikonge ni somo la ngeli lililokwisha kuandaliwa. Njugu zetu ni chinchugu kwao: mzizi ni ule ule, ila Ekegusii kimehifadhi kiambishi cha wingi ambacho Kiswahili kimekidondosha. Chinsaga ina kiambishi hicho hicho. Vuka upande wa Waluhya utasikia tsisaga; nenda kwa Wakalenjin, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa, utasikia isagek. Mzizi mmoja umevuka mipaka ya makabila na hata ya jamii za lugha, bila shaka ukibebwa pamoja na mboga yenyewe. Rinagu nayo inakumbusha managu ya Wagikuyu. Ni mwalimu gani wa ngeli asiyetamani mifano kama hii, tena isiyohitaji kununuliwa vitabu?

Isitoshe, Kiswahili chenyewe kimezaliwa kwa sehemu katika shughuli hizi. Mwanafunzi wa fasihi hutakiwa kuchambua riwaya na mashairi. Kuchambua ni nini? Kabla ya riwaya kulikuwa na mboga na pamba: kuchambua ni kutenga jani na kikonyo, kizuri na kibaya, kwa subira na kwa vidole. Msomi anayeandika uchambuzi wa tamthilia anatumia neno la mama aliyeketi kwenye kigoda na ungo magotini. Mtoto ambaye hajapata kuchambua mboga amelipokea neno hilo likiwa nusu.

Nazijua hoja za upande wa pili, nami sizidharau. Kuchambua chinsaga huchukua muda, na mama anayerudi jioni kutoka kwenye shamba la chai hana muda. Sukuma wiki hukatwa na kuiva upesi, tena hupatikana mwaka mzima. Jina lake lenyewe lakiri kwamba kazi yake ni kusukuma siku. Mashamba ya Gusii nayo yamegawanywa mara nyingi baina ya wana hata yakawa vipande vidogo, na chai imechukua sehemu kubwa ya vipande hivyo. Lakini hoja hii ya ardhi ndiyo inayozipa nguvu mboga hizi: hukua haraka, hutosheka na kijieneo kilicho karibu na jiko, na mbegu zake huweza kuhifadhiwa nyumbani.

Wala si mimi wa kwanza kuliona hili. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ametumia miongo kadhaa akizichunguza mboga za Kiafrika ambazo wengi waliziita magugu, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunukia tuzo ya kisayansi. Mwaka 1999 Patrick Maundu na wenzake walichapisha kitabu kikubwa kuhusu mimea ya vyakula vya asili ya Kenya, kikiyakusanya pia majina ya mimea hiyo katika lugha zetu. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza juhudi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Soko nalo limetoa hukumu yake: mboga za Kisii na Nyamira husafirishwa hadi Nairobi, ambako wakazi wa mjini hununua kwa fedha nyingi kile ambacho wazazi wao walikichuma bure. Waliobaki nyuma ni sisi walimu wa lugha.

Mwalimu ataniambia kwamba mtahini anataka Kiswahili sanifu, na kwamba neno chinsaga likitokea katika insha litapigwa mstari mwekundu. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, pale Kiswahili kilipo na neno, tulifundishe. Mgagani na mnavu ni maneno halali ya Kiswahili. Kosa si la mtoto asiyeyajua, bali ni letu tusioyatumia. Pili, pale neno la wenyeji linapobeba maarifa ambayo letu haliyabebi, tulikaribishe. Kiswahili hakikuanza leo kukaribisha wageni. Kimepokea matoke kutoka Uganda, kikapokea na sukuma wiki kutoka mitaani, na hakuna aliyefariki.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, umetoa nafasi kwa lugha za nyumbani katika madarasa ya chini, na unasisitiza kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Nafasi hiyo isijazwe kwa picha za matofaa. Mwalimu wa Ikonge, na wa Keroka, na wa soko jingine lolote nchini, awatume wanafunzi wake sokoni mara nne kwa mwaka wakiwa na daftari. Waandike kila mboga waionayo, jina lake kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, bei ya fungu, na namna muuzaji anavyoshauri ipikwe. Mwisho wa mwaka watakuwa wameandika kalenda ya majira yao wenyewe, na kitabu cha mapishi, na kamusi ndogo, vyote katika daftari moja.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nami naongeza kwamba asili haiachwi kwa siku moja. Huachwa jina baada ya jina. Wauzaji wengi wanaoyajua majina yote ya mafungu yale ni watu wazima. Wanafunzi wetu wangali na muda wa kuwauliza, nao ni wepesi wa kujibu, hasa ukinunua fungu moja.