Ufungaji wa Swichi ya Simu ya Upepo Kwenye Pikipiki

Watumishi na wananchi wote wanaotumia simu ya upepo wakiwa juu ya pikipiki wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini. Ijapokuwa simu za mkononi zimeenea Unguja na Pemba, simu ya upepo ingali na faida yake ya pekee: neno linalosemwa mara moja husikiwa na wote waliomo katika masafa hayo. Faida hiyo ndiyo pia khatari yake, kwani mtu mmoja aliyekosea anaweza kuwanyamazisha wengine wote.

Ifahamike kwamba simu ya upepo ya kawaida husema na kusikiliza kwa zamu. Kinachobadilisha zamu ni swichi ya kusemea. Ikibonyezwa, chombo hurusha sauti. Ikiachwa, chombo hupokea. Swichi ikikwama, chombo huendelea kurusha bila ya mwenyewe kujua, naye hawezi kumsikia yeyote anayemtanabahisha. Muda wote huo muuguzi anayeomba gari ya wagonjwa hawezi kusikika ipasavyo. Kwa hivyo ufungaji wa swichi hiyo si jambo la mwenye pikipiki peke yake.

Sababu ya kuiweka swichi kwenye usukani ni kumwezesha dereva kusema bila ya kuachia mkono. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Anayepapasa kiunoni kwa sekunde 3 akitafuta chombo chake huwa amekwenda mita 50 kwa mkono mmoja. Mambo yafuatayo yazingatiwe:

(a) Mahali pa kuifunga. Mkono wa kulia ndio wenye mafuta na breki ya mbele, hivyo swichi ifungwe upande wa kushoto, pale ambapo kidole gumba kitaifikia bila ya kiganja kuachia mshikio. Isizuie klachi, honi wala taa za ishara. Wenye vespa za gia za mkono wakumbuke kwamba mshikio wao wa kushoto huzunguka pamoja na gia. Swichi ifungwe kwenye sehemu isiyozunguka, ama sivyo waya utakatika baada ya siku chache.

(b) Aina ya swichi. Itumike ile inayorudi yenyewe kwa springi mara kidole kinapoondolewa. Swichi ya taa, ambayo hubaki pale ilipowekwa, isitumike kabisa. Aidha, iwe imezibwa isiingie maji, kwani mvua za masika na chumvi ya upepo wa bahari huila shaba upesi, na swichi iliyoingia kutu ama haiwaki au haizimi.

(c) Nyaya. Swichi hupitisha umeme mdogo mno, hivyo waya mwembamba wenye nyuzi nyingi unatosha, nao hustahimili mtikisiko kuliko waya wa uzi mmoja. Viungo vilehemiwe na kufunikwa vizuri. Si vyombo vyote vinavyounganishwa kwa namna moja; katika baadhi ya simu za mkononi za upepo, ishara ya swichi hupita katika waya ule ule wa maikrofoni. Fundi asome kitabu cha chombo husika wala asibahatishe.

(d) Njia ya nyaya. Zipitishwe mbali na ekzosi, na pia mbali na koili na waya wa plagi, kwani cheche za plagi husikika katika simu kama mkwaruzo unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini. Plagi yenye kizuizi cha ndani hupunguza kero hiyo. Penye shingo ya usukani waya uachiwe nafasi ya kulegea. Hapa ndipo penye makosa mengi: waya uliobanwa huchubuka, na nyuzi mbili tupu zikigusana huwa sawasawa na kidole kilichobonyeza swichi. Chombo hicho kitarusha chenyewe kila pikipiki inapokata kona.

(e) Kiungo baina ya dereva na pikipiki. Waya unaotoka kwenye kofia uwe na kichwa kinachochomoka chenyewe ukivutwa, ili dereva akianguka asiburutwe. Maikrofoni iwe karibu na mdomo na ifunikwe sponji kuzuia upepo. Sauti ya kusikilizia isizidi kiasi. Honi ya gari iliyo nyuma lazima isikike.

(f) Umeme. Simu inayotumia betri ya pikipiki iwekewe fyuzi karibu kabisa na ncha ya chanya. Kwanza itazamwe betri yenyewe, kwani baadhi ya pikipiki za zamani zina volti 6, ilhali simu nyingi za kufungwa kwenye vyombo huhitaji 12.

Kazi ikimalizika, ifanyiwe majaribio kabla ya kutoka barabarani. Bonyeza swichi, taa ya kurusha iwake. Iachie, izimike papo hapo. Kisha washa injini na uzungushe usukani hadi mwisho wa kulia na wa kushoto huku mtu mwengine akisikiliza kwa chombo cha pili. Taa ikiwaka bila ya kubonyezwa, waya una kasoro. Vyombo vingi pia vina kikomo cha muda kinachokatisha urushaji uliopindukia; kikomo hicho kiwashwe.

Katika matumizi, bonyeza, subiri kiasi cha sekunde moja ili neno la kwanza lisipotee, sema kwa ufupi, kisha achia. Usiseme ukiwa katika kona au njia panda. Ujumbe mrefu unataka pikipiki isimamishwe kando.

Inakumbushwa vilevile kwamba kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa mwaka 2003, na kila mtumiaji abaki katika masafa aliyopangiwa. Chaneli 16 ya baharini, yenye masafa ya megahezi 156.8, ni ya wito na ya kuomba msaada kwa vyombo vya baharini. Pikipiki haina haki nayo, hata kwa majaribio.

Mwisho, dereva yeyote atakayeona kwamba simu yake imekuwa kimya kuliko kawaida asidhani kwamba wenziwe hawana la kusema. Asimame, aitazame taa ya kurusha, na ikiwa inawaka akizime chombo kwanza ndipo atafute kasoro. Huenda kuna mtu aliyekuwa akiingoja nafasi hiyo kwa ajili ya kuokoa maisha.