Ubongo Unapofundishwa Kusikia

Mtoto amepakatwa na mama yake, na spika iliyo pembeni inarudia silabi moja, tena na tena. Silabi ikibadilika naye akageuza kichwa kwa wakati, sanduku lililo karibu na spika linawaka taa, na wanasesere wa wanyama waliomo ndani wanaanza kuchezacheza. Huo ndio ujira wake. Kwa mbinu hiyo ya kumhonga mtoto mchanga, wanasaikolojia Janet Werker na Richard Tees wa Vancouver, Kanada, walichapisha mwaka 1984 jaribio ambalo hadi leo ni nadra kulikosa katika vitabu vya elimu ya lugha.

Miongoni mwa sauti zilizotumika zilikuwamo mbili za Kihindi, zote masikioni mwa Mwingereza ni t tu: moja ulimi hugusa meno, nyingine ulimi hujikunja kuelekea kaakaa. Watoto wa miezi 6 hadi 8 waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza walizitofautisha, wengi wao bila taabu. Wa miezi 10 hadi 12 walioweza walikuwa wachache. Wenzao waliolelewa kwa Kihindi hawakupoteza chochote. Wazee wa Mombasa wanaosema Kimvita hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa kuwa wao wana t ya meno na t ya ufizi, na wamezoea kusikia wageni wakizichanganya.

Kabla mtoto hajapiga hatua yake ya kwanza, basi, ubongo wake umeshaanza kuchambua kipi kina maana nyumbani kwao na kipi ni kelele. Ni rahisi kuuita huo upotevu, lakini bila uchambuzi huo asingeweza kushika maneno kwa kasi anayoshika nayo.

Swali lililobaki kwa muda mrefu lilikuwa ni umbali gani uzoefu huu hupenya. Wengi walidhani lugha hubadilisha gamba la juu la ubongo tu, mahali panapofanyika kazi za kufikiri, huku shina la ubongo, lile fundo la kale linalosimamia pumzi na mapigo ya moyo, likipitisha sauti kama zilivyo. Kulipima kunawezekana bila kumchoma mtu hata sindano. Elektrodi chache hubandikwa utosini, kwenye paji la uso na kwenye ndewe ya sikio. Anayepimwa hutazama filamu huku silabi ikirudiwa sikioni mwake maelfu ya mara, kwani umeme unaotafutwa ni mdogo mno na hujitokeza tu kompyuta inapochukua wastani wa majibu yote. Linalobaki ni wimbi linalofuata umbo la sauti iliyosikika. Linafanana nayo kiasi kwamba wapo watafiti waliolipitisha kwenye spika, na wasikilizaji wakatambua neno.

Mwaka 2005 Ananthanarayan Krishnan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwapima kwa njia hii wasemaji wa Kimandarini na wasemaji wa Kiingereza. Kimandarini ni lugha ya toni: silabi ileile ikipandishwa, ikishushwa au ikikunjwa katikati huwa neno jingine kabisa. Wimbi la Wachina lilifuata mpando na mshuko wa sauti kwa usahihi zaidi kuliko la wenzao. Yaani lugha ilikuwa imeacha alama yake hata katika hatua za mwanzo kabisa za safari ya sauti kichwani. Kiswahili chetu ni miongoni mwa lugha chache za Kibantu zisizo na toni, kinategemea mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kihaya, Kikuyu na Luganda zinazo. Mtu aliyekulia Bukoba huenda ameyapata mazoezi hayo ya sikio bila kujua, ingawa hilo ni wazo tu na si tokeo la kipimo.

Na muziki je?

Miaka miwili baadaye Patrick Wong, Nina Kraus na wenzao wa Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, waliwasikilizisha Wamarekani wasiojua Kimandarini silabi "mi" kwa toni tofauti. Nusu yao walikuwa wanamuziki. Shina la ubongo la wanamuziki lilizifuata toni vizuri zaidi, hasa ile inayoshuka kisha ikapanda. Hawakujua maana ya hata neno moja, lakini miaka ya fidla na piano ilionekana kuwatayarisha kwa lugha ambayo hawajawahi kuisoma.

Neno "ilionekana" lina uzito hapo. Kumlinganisha mwanamuziki na asiye mwanamuziki hakumwambii mtu kipi kilitangulia. Pengine wenye masikio mepesi ndio wanaovumilia masomo ya fidla, na wengine huacha mapema. Njia ya kulitatua ni kuwachukua watoto kabla hawajaanza, kuwagawa kwa bahati nasibu, kisha kusubiri. Kraus alifanya hivyo Los Angeles kupitia Harmony Project, mradi unaofundisha muziki bure watoto wa familia za kipato kidogo. Watoto 44 waligawanywa, wengine wakaanza mara moja na wengine wakangoja mwaka mzima. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana. Baada ya miwili, ubongo wa waliofundishwa kwa muda mrefu zaidi ulitenganisha silabi za "ba" na "ga" kwa ukali zaidi. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2014, na mtu anayeuza kozi ya muziki ya wiki sita hatafurahi kuyasoma.

Timu hiyo ilikwenda pia katika shule za sekondari za Chicago, ambako wanafunzi walioanza bendi wakiwa kidato cha kwanza walifuatiliwa sambamba na wenzao waliokuwa wakisoma masomo ya ukakamavu wa kijeshi. Kufikia mwaka wa mwisho, majibu ya ubongo wa wanabendi yalikuwa thabiti zaidi, na uwezo wao wa kuchambua sauti za maneno ulikuwa umeongezeka zaidi. Walianza wakiwa vijana, si watoto wachanga.

Habari ingeishia hapo ingependeza. Lakini mwaka 2025 kundi la watafiti kutoka vyuo sita, wakiwamo Kelly Whiteford na Andrew Oxenham, lilichapisha matokeo ya watu zaidi ya 260, idadi kubwa kuliko ya tafiti za mwanzo. Walikuwa wametangaza mapema watapima nini na vipi ili mtu asije akachagua matokeo yanayompendeza. Hawakuona uhusiano wowote kati ya mafunzo ya muziki na jinsi hatua za mwanzo za ubongo zinavyonakili sauti. Tafiti za Los Angeles na Chicago hazijafutwa na hilo, kwa sababu zilifuatilia watoto wanaojifunza badala ya kulinganisha watu wazima. Hata hivyo nazo zilikuwa na washiriki wachache, na mwandishi anayezinadi leo bila kuitaja hii ya 2025 anampunja msomaji.

Kuhusu lugha ushahidi umesimama imara zaidi, jambo ambalo halishangazi: hakuna mwanafunzi wa piano anayefanya mazoezi saa zote anazokuwa macho tangu kuzaliwa.

Ahadi kubwa zaidi, kwamba muziki huongeza akili, inatosha kuipitia kwa haraka. "Athari ya Mozart" ilizaliwa mwaka 1993 kutokana na wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza sonata kisha wakafanya vizuri kidogo katika jaribio la maumbo, kwa muda wa dakika 10 hadi 15 hivi. Mwaka 1998 gavana wa Georgia, Marekani, Zell Miller, aliomba fedha za serikali ili kila mtoto mchanga apewe muziki wa namna hiyo. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg aliwapima watoto 144 wa miaka 6 jijini Toronto: waliosoma muziki walipanda alama 7 za akili na wengine alama 4 na kitu. Tofauti ipo, ila si ya kumfanya mzazi auze ng'ombe anunue piano.

Eneo linalostahili macho zaidi ni mdundo. Mwaka 2014 maabara ya Kraus iliwakalisha watoto wa miaka 3 na 4 mbele ya ngoma ndogo, mtu mzima akipiga na mtoto akijaribu kwenda naye sawia. Walioweza kushika mdundo walifanya vizuri pia katika majaribio yanayotangulia kusoma, kama kutambua silabi ndani ya neno, na wimbi la ubongo wao lilifuata vipande vya usemi kwa usahihi zaidi. Silabi nazo huja kwa mdundo, na mtoto asiyeunasa hupata shida kujua neno moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Kama kupiga ngoma kila siku kunaweza kumsogeza mtoto kutoka kundi moja kwenda jingine, kipimo kile hakikujaribu.